Isale la Mpakani

Elisifa wa Mwika, kule mlimani, hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Alizaliwa katika kihamba kilekile, shamba la ukoo, anachokilima hadi leo, akamwoa Ruth, wakalea watoto watatu kwa kahawa na maziwa. Kwa miaka mingi alikuwa mzee wa kanisa usharikani, yule anayesimama mlangoni Jumapili na kuwakata jicho wanaochelewa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia dunia inaisha, angekuuliza kwanza kama umeshapalilia migomba yako.

Hofu ilimwingia mwaka ule wa korona. Alizika marafiki wawili mfululizo, na mwanawe mkubwa, Daniel, alikuwa Dar es Salaam, hivyo kila simu ilipolia Elisifa alishika kifua kabla ya kuishika simu yenyewe. Akaanza kusikiliza mahubiri ya siku za mwisho, asubuhi hadi jioni, ng'ombe wakilia njaa bandani. Ruth alimwonya mara moja tu. Baadaye Elisifa akawa anashuka Himo kila Jumamosi, kwenye ghala la zamani la mahindi ambamo watu walikusanyika kumsikiliza mtu mmoja aitwaye Mtumishi Aristides.

Wanaotaka kusikia kwamba Aristides alikuwa tapeli watanisamehe. Hakuwa. Alikuwa mpole, alikula alichopewa, na aliyaamini aliyoyasema, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Alifundisha kwamba magonjwa, vita na matetemeko ya nchi ni dalili zilizoandikwa, na dhiki kuu iko mlangoni. Mungu atawafunika wateule wake kama alivyozifunika nyumba za Waisraeli kule Misri, usiku ule wa damu kwenye miimo ya milango. Na kwa kuwa Maandiko yanawaambia watu wakimbilie milimani, watu wa mashamba ya miwa kule tambarare waliinua macho, wakauona mlima, wakamwona na Elisifa aliyekaa juu yake. Kihamba chake kikachaguliwa kuwa kimbilio.

Msimu mmoja wa Pasaka, Aristides akiwa ametaja tarehe, wakapanda kweli, na magodoro, na sufuria, na watoto. Mvua ya Mwika haina adabu kwa mgeni. Watoto wakakohoa, kuni zikawa mbichi, magodoro yakanywa maji. Aliyewaletea kuni kavu na mkungu wa ndizi za kupikia supu ya mtori alikuwa Ndelilio, mdogo wake Elisifa, aliyekaa upande wa chini wa kihamba katika nyumba ya wazazi, kama ilivyo haki ya kitindamimba. Ndelilio hakuamini habari ya tarehe na dalili, lakini mtoto wa mtu akikohoa alikuwa hakai akatulia. Kufika katikati ya juma wanaume wakaanza kunong'onezana kuhusu kazi zao kule chini. Dhiki kuu haikufika, zamu ikafika, wakashuka.

Aibu ile ilihitaji mahali pa kukaa. Mtumishi Aristides alifunga, akaomba, akarudi na jibu kwamba mahali palikuwa hapajasafishwa. Kifuniko cha Mungu, alisema, hakikai juu ya nyumba yenye kitu cha mizimu, na kwa watu wa mlimani kitu hicho kina jina. Ni isale.

Isale ni mmea tu ukiutazama kwa macho ya mgeni, majani marefu ya kijani juu ya shina jembamba. Lakini Mchagga hulipanda mpakani ili shamba lijulikane, hulipanda kaburini ili mzee ajulikane, na akimkosea mtu hulishika mikononi na kwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hakatai. Hata kama ni damu imemwagika, hakatai. Babu yake Elisifa alibatizwa na wamisionari, akafa akiimba, na masale ya kaburi lake hayakuwahi kugombana na msalaba uliosimama katikati yao.

"Msamaha unatoka kwa Mwana-Kondoo," Aristides alimwuliza, "au unatoka kwa jani?"

Elisifa alilitafuta jibu juu ya bodaboda kutoka Himo mpaka nyumbani, asilipate. Mtu asiyekuwa na jibu huchukua panga. Jumatatu yake aling'oa masale yote ya kihamba chake, akamalizia na mstari wa mpakani, ule uliopandwa na baba yao kwa mkono wake siku aliyowagawia ardhi yeye na Ndelilio.

Ndelilio alirudi kutoka sokoni akayakuta yamelala, mizizi juu. Alishika shina moja, akalitazama, akaliweka chini.

"Baba aliyapanda haya ili tusigombane," alisema. "Basi. Kuanzia leo mimi sina kaka."

Neno kama hilo likitamkwa mpakani haliokotwi kirahisi. Ndugu wale waliozoea kugawana kata moja ya pombe ya mbege wakawa wanapishana njiani kama watu wanaodaiwa na mtu mmoja. Majirani, wanaojua kwamba ndugu wakigombana ni kuchukua jembe ukalime, walilima msimu wa kwanza, wakalima na wa pili, wa kuvuna hawakuuona. Ruth na Gladness, mke wa Ndelilio, waliendelea kupeana chumvi bombani na kusimuliana habari za watoto, kwa sababu wanawake wakisubiri wanaume wapatane watakula mboga chapwa.

Ndipo ikaja Krismasi, wakati ambao kila Mchagga aliyeko duniani hukumbuka njia ya kwao. Siku ya pili yake asubuhi, Elisifa alikuwa ameketi barazani pamoja na Mtumishi Aristides na waumini wachache kutoka Himo. Ndelilio akatokea kwenye migomba, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikononi ameshika shina la isale lenye majani kichwani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Yale niliyoyasema mpakani yalikuwa mabaya. Nimekuja kuyafuta." Akanyoosha mikono yote miwili.

Aliyekosewa kwanza alikuwa Ndelilio, na aliyekuja kuomba radhi alikuwa Ndelilio huyohuyo. Elisifa alilijua hilo. Moyo wake uliinuka kabla ya miguu, na vidole vyake vyenyewe vilitaka kupokea. Lakini macho ya watu wa Himo yalikuwa juu yake, na kuna watu huwaogopa wenzao kuliko wanavyomwogopa Mungu, halafu wanaiita hofu hiyo imani.

"Msamaha upo, ndugu yangu," alisema. "Hilo jani ndilo siwezi kulishika. Kaliache, urudi mikono mitupu, nami nitakupokea."

Alidhani amesema neno la hekima. Kwa muda mfupi hata alijisifu moyoni, na kumbukumbu ya sifa ile ndiyo inayomchoma zaidi leo.

"Isale halikataliwi, kaka," Ndelilio alijibu taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake njia. Halafu akageuka, akashuka. Alipofika mpakani aliinama kwa kitambo, na Elisifa akadhani anafunga ukanda wa kandambili. Hakurudi mikono mitupu wala mikono mingine.

Masika yalipokuja, presha ilimwangusha Ndelilio bandani akiwakatia ng'ombe majani. Walimkimbiza hospitali Moshi, hakufika jioni. Elisifa alikuwa Himo kwenye mfungo, simu zimezimwa, wakisoma zaburi ile ya mtu anayekaa chini ya mbawa za Mungu huku maelfu wakianguka ubavuni pake. Aliporudi, aliliona turubai kwa mdogo wake wa tumbo moja likifungwa kwenye migomba, na watu wakishusha mabenchi mvuani. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Ubavuni pake hayakuanguka maelfu. Alianguka mmoja.

Siku ya mazishi alitupa udongo wa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Gladness aliwashukuru wote kwa utaratibu, na Elisifa akashukuriwa pamoja na wengine, na shukrani ile ilimwuma kuliko tusi. Mchungaji wa usharika alihubiri kwa ufupi kwa sababu ya mvua. Alisema kukesha si kutazama mawingu. Kukesha ni kuwa tayari kumfungulia anayebisha, maana hatujui Bwana atakuja na malaika au atatangulia kuja na viatu vya jirani. Mchungaji hakujua lolote, lakini Elisifa alihisi ametajwa kwa jina.

Mtumishi Aristides alikuja kutoa pole. Katika kufariji akasema, kwa upole wake uleule, kwamba inasikitisha marehemu alikuwa nje ya kifuniko.

"Na mimi niliyekuwa ndani," Elisifa alimwuliza, "nilimfungia nani mlango?"

Machozi yakamlenga Aristides, na kwa hilo nampa haki yake. Elisifa hakushuka Himo tena. Kwamba Bwana atarudi, analiamini mpaka leo na ukimbishia atakufukuza barazani. Kilichomtoka ni ule uhakika kwamba atakaporudi atamkuta yeye upande unaofaa.

Kiangazi kikapita hivyo. Mtori ulimkaa mdomoni bila ladha, akawa anatazama nyumba ya chini, moshi wa jiko la Gladness ukipanda, asiwe na uso wa kwenda. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na huyu alikuja akahamia kabisa. Alimkumbuka Ndelilio mdogo, alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mfereji wa maji, mikono ile midogo imemkaba shingo. Mikono ileile ndiyo aliyoiacha ikining'inia mbele ya wageni.

Ruth ndiye aliyemwambia. "Baba Daniel, nenda kwa Gladness. Nenda na isale."

Isale lipi? Alikuwa ameyang'oa yote kwa panga lake mwenyewe. Na kwenda kuliomba kwa jirani ni sawa na kupiga kengele, kwa kuwa hakuna anayeomba isale kwa ajili ya kupamba sebule. Akazunguka kihamba kizima, migombani, kwenye kahawa, nyuma ya banda. Mwisho akafuata mstari wa mpaka uliobaki na mashimo, na karibu na njia ya kushukia akaliona. Moja, limefika magotini, lina majani mapya yanayong'aa.

Alipiga magoti pale. Aliona ni mzizi aliousahau, ambao Mungu ameuficha asiuone, kwa sababu Mungu anajua kesho ya mjinga. Akashukuru kwa sauti. Akalikata kwa uangalifu, akaacha kisiki, akashuka nalo akiwa amelishika mbele yake kwa mikono miwili.

Gladness alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuinuka, ila aliusogeza ungo.

"Shemeji," Elisifa alisema. "Mama Joyness, nimekuja. Nilimkosea mume wako, nikakukosea na wewe. Sina cha kujitetea."

Gladness aliyatazama majani, si uso wake.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani. Mungu alinibakizia hili moja."

"Hukubakiziwa," Gladness alisema. "Hilo alilichomeka Ndelilio, siku ile ulipomrudisha. Alikuja hapa akaniambia, kaka akilitaka atalikuta pale. Kiangazi chote nimekuwa nalimwagia maji ya vyombo."

Elisifa aliliona tena shati lile jeupe likiinama mpakani, na yeye barazani akifikiria kandambili. Miezi yote ile msamaha ulikuwa umesimama hatua chache kutoka mlangoni pake, ukiota majani, na yeye akipita karibu nao kwenda kuomba ulinzi.

Gladness aliinuka, akakung'uta kanga. Alilichukua isale mikononi mwake, kwa kuwa halikataliwi. Halafu akamgeukia na kumrudishia.

"Hili si langu, Baba Daniel. Ni lako tangu Krismasi ile. Lipokee kwanza. La kwangu utaniletea siku utakapokuwa na ulilolipanda mwenyewe."

Elisifa alipokea kwa mikono miwili, ameinama, machozi yanadondokea majani. Gladness akageuza uso kuelekea migombani, ambako udongo wa kaburi ulikuwa bado haujakaa sawa.

"Baba Joyness," alisema, "amelipokea."

Jioni ile Elisifa alilichomeka shina lile mpakani, kando ya kisiki chake, na kesho yake akaenda kwa majirani mchana kweupe kuomba mengine, kila mtu akisikia. Sasa mstari umeanza kuonekana. Masale hayana haraka, na Gladness hamwulizi, anapita na maji yake ya vyombo na kuyamwagia yote.

Zamani Elisifa alikuwa akimaliza sala ya jioni kwa kumwita Bwana aje upesi, kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba ya chini. Siku hizi husali polepole. Ruth humsikia akiwaombea watoto, na ng'ombe, na nyumba ya mdogo wake, halafu akifika mwisho hunong'ona, kama mtu anayeona aibu kuomba kitu kikubwa, kwamba Bwana akawie kidogo, shina alilomchagulia Gladness bado halijatoa majani ya kutosha kukatwa.