Bibi Aliyekwepa Miti Isiyokuwepo

Kabla hujaniita mwongo, ujue kwamba katika ukoo wetu mimi ndiye wa mwisho kuamini mambo haya. Nimesomea mazingira chuo kikuu. Msibani, wengine wakinong'ona habari za uchawi, mimi ndiye huuliza kama marehemu alikuwa na presha. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, hapa Tororo, nikiwa sijanywa kitu ila chai.

Ni nyumbani kwa shangazi yangu. Yeye ni wakala wa forodha mpakani Malaba. Kutwa hupigizana kelele na madereva wa malori, na jioni hutaka jambo moja tu: kukaa barazani akitazama majani ya uwanja wake, yaliyokatwa yakawa sawa kama zulia. Nilipomaliza chuo bila kazi, nikamwomba uwanja huo niugeuze msitu wa chakula. Miparachichi na mifenesi juu, migomba na mipapai katikati, magimbi chini. Unapanda mara moja, unavuna miaka.

"Umesoma miaka yote hiyo ili uniletee nyoka mlangoni?" akauliza.

Alikubali, kwa sharti. Akina mama wa kanisa wangekuja kusali kwake baada ya wiki sita. Siku hiyo akikuta mashimo na vijiti vikavu, majani yanarudi, na mimi naenda naye Malaba kukimbiza karatasi za malori. Mimi, Malaba! Nilichimba kama mwendawazimu.

Kila mche ulishika, isipokuwa kona ya nyuma. Nilipanda parachichi pale, asubuhi nikaukuta mche umeng'olewa na kulazwa kando. Nikaurudisha. Kesho yake, vilevile. Nikalaumu jirani, nikalaumu mbuzi. Lakini hebu niambie, mbuzi gani hufunga mizizi? Maana ilikuwa imeviringishwa kwa jani bichi la mgomba ili isikauke, na migomba yangu mimi ilikuwa bado machipukizi.

Nikaamua kwamba pale nitachimba shimo refu la kukinga maji ya mvua. Niliamka kabla ya jua, nikakaa barazani na jembe na chupa ya chai, nikisubiri kupambazuke. Geti lilikuwa na kufuli, ufunguo mfukoni mwangu.

Akatokea kwenye kona. Bibi mfupi, vazi lake refu la gomesi limefifia, miguu mitupu. Uwanja ulikuwa wazi, miche yangu haifiki magotini. Lakini niamini, yule bibi alikuwa anainama, anasukuma kando kitu kama tawi, anazunguka, anainama tena. Katikati ya uwanja akanyoosha mkono juu, akachuma hewa, akaipangusa kwenye gomesi.

Nilitaka kucheka. Mdomo ukakataa.

"Wewe kijana," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "nakwenda wapi na jembe?"

"Kuchimba, bibi. Kule kona."

"Hapana. Kule mtoto yangu nalala. Panda huku kote, yeye napenda kivuli. Lakini kule wachia majani."

Na mimi na ubishi wangu, unadhani nilijibu nini? "Bibi, umeingiaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ameingiaje jikoni mwake. "Huyu nasoma mingi," akasema, si kwangu, bali kwa mtu wa kimo cha kiuno aliyekuwa kando yake, ambaye mimi sikumwona. Kisha akarudi, akiinama palepale alipoinama mwanzo. Alipofika kona, hakuwepo.

Kulipokucha, nilipigilia kijiti kila mahali alipokwepa, kisha nikachimba penye kila kijiti. Chini ya majani, kila mahali, kulikuwa na kisiki kilichooza.

Nilimsimulia shangazi, naye akampigia simu mzee wa kule Paya aliyemuuzia kiwanja. Alipotajiwa visiki, mzee akauliza, "Mlimwona mama?"

Dada mdogo wa mzee huyo alizikwa utotoni kwenye kona ile, na mama yao akazungushia kaburi miti ya matunda. Mama mwenyewe alizikwa Paya. Huku kwetu nani atanunua kiwanja chenye kaburi? Basi wanawe, mzee akiwemo, walikata miti, wakasawazisha, wakapanda majani. Shangazi alipouliza kama kuna kaburi, walisema hakuna.

Mzee alikuja siku ileile ya akina mama wa kanisa. Akapiga magoti, akachota udongo wa kona, akaufunga kwa jani la mgomba, ili mtoto akalale Paya kwa mama yake. Alilia bila kujificha.

"Si ungeniambia tu, mzee?" shangazi akamwambia. "Ningenunua hivyohivyo, nikampandia maua."

Akina mama wakaimba. Shangazi akaitazama miche yangu, akashusha pumzi. "Ibaki. Hata Malaba hawakutaki, unauliza maswali mengi."

Tangu siku hiyo hakuna mche ulioguswa. Mipapai imezaa, miparachichi imefika paani. Kwenye kona tumeacha kipande cha majani, na shangazi huweka kiti chake pembeni yake jioni. Nikimpelekea chai nainama, nasukuma tawi, nazunguka, nainama tena, palepale alipoinama yule bibi. Hadi leo sijui bibi yule alikuwa anakwepa miti yake au yangu. Ninachojua ni kwamba usiku wa siku ile mzee alipochukua udongo nililala usingizi mzuri, na kwamba nusura nipige jembe kwenye mifupa ya mtoto.

Kwa hiyo wewe unayenunua kiwanja chenye majani laini mno, usimsikilize muuzaji peke yake. Waulize majirani. Na siku ukikuta mche wako umeng'olewa na mizizi imefungwa vizuri, usimtukane mbuzi. Weka jembe chini, uulize ni nani amelala hapo.