Gololi na Nta Tumboni mwa Mfalme

Mdogo wangu Shaban ana adabu mpaka inachefua. Nasema hivyo mimi Tatu, dada yake wa tumbo moja, niliyekaa naye baraza moja hapa Mtendeni miaka kumi na saba, mimi na cherehani yangu, yeye na baiskeli za watu. Mteja akimsukumia baiskeli iliyojaa matope, Shaban husema asante. Akimlalamikia kwamba kiraka cha jana kimebanduka, kumbe kapita kwenye miiba mwenyewe, Shaban huomba radhi na kumbandikia kingine bure.

Chesi alifundishwa na frateri mmoja wa seminari ya Kipalapala ambaye baiskeli yake haikumaliza wiki bila kukatika spoki. Akisubiri matengenezo, frateri alitandika ubao juu ya debe na kumwonyesha farasi anavyoruka na ngome inavyokwenda moja kwa moja. Alipopangiwa parokia ya mbali alimwachia Shaban ubao ule na kete zake za plastiki. Zilikuwa nyepesi kama maganda ya karanga, na ukizipindua unaona shimo tupu.

Basi wakakusanyika wanaume. Kila alasiri ni wao na ubao, barazani kwangu, wananizibia wateja. Juu yao akajiweka Mwalimu Octavian, mstaafu anayevaa koti la suti kwenye jua la Oktoba, akajipa uenyekiti bila kuulizwa na mtu. Ana kete zake za mti, nzito, anazibeba kwenye mfuko nilioushona mimi, na haziguswi ila na wale anaowaita watu wazito. Maana yake ni yeye mwenyewe, na mgeni yeyote aliyekuja na gari.

Mwezi wa saba ikaja habari ya mashindano Mwanza. Kikundi chetu kilipewa nafasi moja tu, na waliobaki kuigombea walikuwa Shaban na Mwalimu. Sijawahi kumwona mdogo wangu akitaka kitu namna ile. Hajawahi kutoka mkoa huu, na usiku wa kuamkia siku ya pambano lao hakula.

Mwalimu alikataa kuchezea kete zake, eti vumbi litaziharibu. Wakachezea zile za plastiki. Mimi chesi siijui sana, lakini mtu anayeshindwa namjua nikimwona, na Mwalimu alikuwa anajifuta jasho kivulini. Shaban alibakiza hatua mbili ashinde. Hapo ukaja upepo wa kiangazi na vumbi lake, mfalme wa Shaban akaanguka chali, na Mwalimu akanyoosha mkono juu ya ubao huku akitabasamu.

Shaban akaupokea. Tena kwa mikono miwili, na kichwa ameinamisha! Mtu mzima amekupa mkono, utamwachaje hivihivi? Ndivyo tulivyolelewa. Kumbe kwenye mchezo wao, mfalme akilala na mikono ikashikana, umekiri kwamba umeshindwa. Mwalimu alipotangaza hivyo, wanaume wale wote wakatikisa vichwa kama mahakimu. Hakuna hata mmoja aliyeutaja upepo. Makoti yao yalikuwa bado yanapepea.

"Mwalimu, ni upepo," Shaban alisema. "Mkono nilidhani unanisalimia."

"Kete nyepesi, mchezaji mwepesi," Mwalimu akajibu, na wale mahakimu wakacheka. "Lete kete zenye uzito, kijana, tutarudia. Nakupa mwezi mmoja, nafasi ya Mwanza itasubiri."

Alijua fika kwamba kete kama zake haziuzwi duka lolote la hapa.

"Mjinga wewe," nilimwambia Shaban walipoondoka. "Mtu anakuibia mchana kweupe, na wewe unamshika mkono."

"Amesema uzito tu, dada. Uzito nitautafuta."

Akaanza na mchanga. Alizijaza kete zote, akaziba kwa karatasi, na kwa siku tatu nikawa nafagia mchanga kwenye vitambaa vya watu. Akahamia udongo wa kichuguu. Ulipokauka ulisinyaa, ukawa unadondoka mzimamzima kama biskuti. Halafu nikamkuta ameinamia betri kuukuu ya gari, anataka kuyeyusha risasi kwenye jiko langu, jiko ninalopikia! Nilimfukuza na upawa. Mtu wa miaka arobaini hajui kwamba risasi ni sumu, na kwamba plastiki ingeyeyuka hata kabla yake?

Aliyemwokoa ni Lugembe, mrina asali wa Sikonge, ambaye huja na baiskeli yenye madumu mawili na tairi zilizokata tamaa. Aliacha donge la nta. Shaban akakusanya gololi za magurudumu zilizolika, zile alizokuwa akitupa kila siku, akazipanga ndani ya kila kete, akayeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, akamimina. Nta ikashika, gololi zikatulia. Nyuki walikuja kunusa siku mbili, wakachoka. Chini ya kila kete akabandika duara la tyubu kuukuu, kwa gundi yake ileile ya viraka. Wafalme wawili aliwaongezea nati ya chuma. Na alizipima kwenye mizani ya jirani, nyeupe kwa nyeusi, zilingane, asije Mwalimu akaonewa. Nilitema mate nikaendelea kushona.

Siku ilipofika, Mwalimu alimnyanyua mfalme, akampindua.

"Viraka," alisema.

Lakini ahadi yake kila mtu aliisikia, ikabidi akae. Upepo ukaja kama kawaida. Ulichukua gazeti lake ukalipeleka barabarani, ukamfunua koti, na juu ya ubao hakikutikisika kitu. Ilipokaribia saa kumi na moja mfalme wa Mwalimu alikuwa amebanwa pembeni, hana pa kwenda. Mwalimu akatazama ubao, akatazama wenzake, kisha akanyoosha mkono. Alikuwa anatabasamu vilevile kama siku ile ya kwanza.

Nilisimamisha cherehani. Niliapa moyoni kwamba akiupokea, kesho ahame baraza.

"Naomba radhi, Mwalimu," Shaban alisema kwa upole. "Mikono yangu ina grisi. Zamu yako."

Mikono ilikuwa safi. Nilimwona akiinawa kwa sabuni kabla hawajaanza, mpaka kwenye viwiko.

Mwalimu akaurudisha mkono wake, akajifanya anatengeneza kola. Mwisho akaamua kuondoka kama mkubwa: akampiga mfalme wake kidole kimoja, amwangushe kwa madaha, ainuke zake. Mfalme akainama, akayumba, akasimama tena wima. Mwalimu akampiga kwa nguvu zaidi. Akainama, akarudi. Mmoja wa wale mahakimu akakohoa. Ikabidi Mwalimu Octavian amshike kichwa mfalme wake mwenyewe, amlaze ubavu taratibu mbele ya watu wote, na amshikilie hapohapo asibiringike.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti, na mpaka leo sijamwomba radhi.