Nukta Katikati ya Mto wa Mchanga

Katika lokesheni yetu nzima, mwenye leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuwasiliana hewani, ni mimi peke yangu. Nasema hivyo bila haya. Diploma yangu ya elektroniki niliisomea mchana, usiku nikilinda duka la watu. Nikaenda kufanya kazi ng'ambo, nikarudi huku kaskazini mwa Kitui, nikajenga nyumba ya mawe. Antena iliyo kilimani niliisimamisha kwa mikono yangu.

Ndipo nikaweka programu moja ya redio kwenye simu yangu na ya kaka yangu mkubwa, mchuuzi wa mbuzi. Programu hugeuza maneno kuwa milio mifupi, redio ndogo iliyounganishwa na simu huirusha hewani, na simu ya pili huisoma. Haihitaji mtandao. Kila baada ya muda mfupi hutuma pia mahali mtu alipo, nami naona nukta nyekundu kwenye ramani.

Alasiri moja ya Novemba kaka alikuwa anakuja kutoka Nuu na mbuzi wake kwa miguu, simu na redio vikiwa vimefungwa kwenye matandiko ya punda. Mtandao ulikuwa umepotea tangu asubuhi. Mimi na mama tulikaa barazani. Kwetu jua liliwaka, lakini kwenye vilima mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri.

Nukta ikafika mtoni, ikasimama.

Nilijua anafanya nini. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na hakuna mchungaji wa huku anayeuvuka bila kufukua kisima katikati ili mifugo inywe. Unapiga magoti, unachimba mpaka kichwa kinazama shimoni. Hapo huoni wingu la mbali. Na maji ya mto huu hayasubiri mvua inyeshe ulipo. Yanakuja kama ukuta, huku jua likiwaka.

Nikaandika: TOKA MTONI. MAJI YANAKUJA.

Kioo kikaonyesha: Imepokelewa.

"Ameitikia!" mama akasema. "Asante Yesu."

"Ndiyo, Mwaitu," nikamjibu mama kwa Kikamba.

Sikuweza kumwambia. Neno lile linatumwa na programu yenyewe, mtu awe ameusoma ujumbe au hajausoma. Hata mwenye simu akiwa amekufa, litakuja tu, mradi betri ina moto. Na mimi ndiye niliyewaringia majirani kwamba mtambo wangu haukosi kujibu.

"Mbona basi hasogei?"

"Anakusanya mbuzi."

"Na wewe mbona huondoi macho kwenye simu, kama anakusanya mbuzi?"

Nilituma tena, na tena. Kila ujumbe ulioingia kwenye simu ya kaka ulilia king'ora, mlio niliouchagua mwenyewe, na nikaomba asikie. Imepokelewa. Imepokelewa. Nilianza kulichukia neno hilo. Kwa pikipiki nisingefika kwa wakati, nami nilijua hivyo.

Halafu tukausikia mto. Kwanza kama lori linapanda mlima kwa mbali, kisha kama malori mengi. Mama akashika mkono wangu.

Nukta ikaruka. Sasa ilikuwa ukingoni, upande wetu.

"Ametoka!" mama akalia.

Punda ametoka, nikawaza. Ninachokiona ni punda. Mtu anaweza kuwa bado amepiga magoti kule chini. Nikaangalia kioo mpaka macho yakauma. Nukta haikusogea. Mama alikuwa ameanza wimbo wa kanisani, sauti ikimkatika, nami sikuthubutu kuimba naye.

Ujumbe ukaingia:

WE INJINIA, NANI ALIKUTUMA UPIGE KINGORA MGONGONI MWA PUNDA WANGU? AMEKIMBIA, MBUZI ZOTE NYUMA YAKE, NA MIMI NYUMA YA MBUZI. KIATU KIMEBAKI SHIMONI.

Kabla sijavuta pumzi, mwingine:

SHIMO LENYEWE HALIPO TENA. NIMEKAA CHINI. MIGUU IMEKATAA.

Nikamsomea mama. Akataka nirudie, nikarudia.

"Mjibu," akasema. "Mwambie aje hivyo hivyo, na kiatu kimoja."

Nilijaribu. Vidole havikunitii, vikaandika upuuzi, nikafuta, nikaanza upya.

"Haya, pole pole," mama akasema, akinishikia simu. "Hakuna haraka sasa."