Nimeshiba ya Sesilia

Basi bwana, kule Rangwi kuna mama anaitwa Sesilia, mjane, mnene haswa. Jumuiya yao ya kanisa ikisali nyumba yoyote, chai ya sukari na maandazi vikija, yeye: "Nimeshiba jamani." Uongo mtupu! Njaa inamtafuna hata akitoka kula.

Kule zahanati, nesi Silvano alimwambia, "Mama, usijiite mlafi. Mafuta ya mwili yanatuma ujumbe kwenye ubongo: inatosha. Kule kuna vipokezi vya kuupokea, ila vyako havisikii vizuri. Insulini nayo, ile inayosaidia sukari iingie kwenye seli, vipokezi vyake vinazembea." Yaani kama meseji yenye tiki mbili, imefika, hakuna anayeijali! Ndo sukari ikapanda. Akakatazwa chai tamu na maandazi.

Jumuiya hawakujua. Sasa mtu anayekataa chakula cha jirani kila wiki, watu watasemaje? "Anadhani tunamwekea dawa." Maneno yakakimbia kuliko bodaboda.

Zamu ya kusali kwake ikafika. Akapika makande sufuria zima, akapanga viti, akawasha mshumaa. Ukungu ukapanda, ukajaa uani. Watu, hola.

Mwisho akatokea Jenoveva, jirani yake, akaganda mlangoni.

"Karibu makande, shoga angu."

"Aa, nimeshiba."

Lo! Sesilia akalisikia neno lake kama kofi. Kumbe linauma hivi?

"Jeni, mwenzio naumwa sukari. Nikisema nimeshiba nadanganya. Mwili wangu hausikii shibe."

"Hausikii? Kwani tumbo lina masikio?" Jenoveva akacheka, akaona anacheka peke yake. "Si ungesema! Tumekusema mpaka basi."

"Ningesema, mngeniita mlafi."

"Tungekuita," Jenoveva akakubali. "Ila tungekuja."

Akala vijiko viwili, kasimama vilevile, akaaga. Eti watoto wanamsubiri.

Sesilia akapakua kidogo kama alivyoelekezwa. Akamaliza. Njaa ipo palepale, na nyumba kimya. Akajaza makande kwenye hotipoti, akajitanda kanga, akatoka.

Nyumba ya kwanza taa zinawaka, watu wanacheka ndani. Hatua zake ziliposikika mlangoni, kicheko kikakatika.

"Hodi! Ni mimi Sesilia," akasema kabla hajafunguliwa. "Naumwa sukari, jamani. Na nina njaa."