Dakika Ishirini Juani

Mpunga wa Kasansa ulikuwa umeinamisha vichwa, umebakiza wiki mbili tu uvunwe, na kulipopambazuka Jumanne ile ya mwezi wa tano, ng'ombe zaidi ya sabini walikuwa ndani yake. Wenye shamba walitoka na mapanga. Wenye ng'ombe walikuja na marungu na mikuki. Hakuna aliyemuuliza mwenzake neno. Mzee mmoja wa kifugaji alipasuliwa kichwa, akaanguka kifudifudi kwenye maji ya jaruba, wala hakuinuka tena. Mkulima mmoja alikatwa mkono juu ya kiwiko, akakimbia ameushika ule uliobaki kana kwamba nao ungemtoka. Elia, kijana wa miaka ishirini na sita, alichomwa mkuki chini ya kitovu. Aliyemchoma, mfugaji aitwaye Luhende, hakupata hata nafasi ya kuuchomoa. Obadia, kaka yake Elia, alimshukia na panga, la kwanza begani, la pili pajani, na la tatu lingemmaliza kama mpini usingemteleza kwa damu.

Elia na Luhende walipakiwa kwenye trela moja ya pawatila, trekta dogo la kulimia. Walilala ubavu kwa ubavu mpaka kituo cha afya cha Usevya, na damu zao zilipochuruzika kwenye bati hazikujulikana ipi ya nani.

Habari zilimkuta Jeniffer mbali, Mpanda mjini. Alikuwa mtaalamu wa maabara wa kituo kile, ingawa kwa watu wa kwao Usevya kila avaaye koti jeupe ni daktari. Alfajiri hiyo aliondoka na gari la wagonjwa lililompeleka mama mjamzito hospitali ya mkoa, ili naye apeleke makohozi ya wagonjwa wa kifua yakapimwe. Saa nne akapigiwa simu na Dokta Wiliam wa kituoni. Dokta alisema ana matumbo ya Elia mikononi, na Luhende yuko kitanda cha pili, mshipa wa paja umefungwa kwa kamba. Kuwasafirisha haiwezekani, watakufa njiani. Wote wawili ni kundi O na friji la kituo halina hata chupa moja ya O. Alete damu, na aje upesi.

Kwa Jeniffer, Elia hakuwa jina la mgonjwa tu. Alipokuwa darasa la tano, baba yake alikamatwa na kiboko akitoka kuzibua mfereji wa mpunga. Kiboko hali mtu. Alifunga taya mara moja tu, akamwacha. Wakampakia kwenye baiskeli, na Jeniffer akakimbia nyuma akiishikilia miguu ya baba isiburuzike, akiona damu inavyojaa kwenye viatu vya raba mpaka inamwagika ukingoni. Walipofika zahanati hapakuwa na kazi ya kufanya. Shangazi yake, Katarina, alimchukua akamlea pamoja na wanawe. Obadia alikuwa rika lake. Elia alizaliwa baadaye, na ni mgongo wa Jeniffer uliombeba mpaka alipojua kutembea.

Kwa hiyo alikimbia. Mtunza damu wa hospitali alimpa chupa sita, kama watu walivyozoea kuiita mifuko ile, na saa tano kasorobo makaratasi yote yalikuwa tayari. Deli lake la kubebea damu, sanduku la kutunza ubaridi, lilikuwa wazi mezani. Kilichobaki ni pakiti za barafu.

Friza la pale lilikuwa na pakiti za aina mbili, zote za kugandisha na kutumia tena. Kulikuwa na zile laini za jeli ya buluu, ambazo mtunza damu alizisifia kwamba zinakaa na ubaridi siku nzima. Na kulikuwa na zile za plastiki ngumu zinazojazwa maji. Zote zilikuwa zimeganda kama matofali. Mtunza damu akaanza kumpangia zile za jeli ili asichelewe. Jeniffer akamshika mkono.

Miaka minne nyuma aliwahi kuzichukua zile za jeli hivyo hivyo, kutoka friza moja kwa moja, akibeba damu ya mama aliyeitwa Happiness, aliyekuwa akitoka damu baada ya kujifungua. Aliweka karatasi ya boksi kati ya chupa na jeli, akaona inatosha. Barabara ya mbugani ikawarusharusha, boksi likalowa, likateleza, na chupa zote nne zikalala juu ya barafu mpaka Usevya. Alipofungua, aliona maji ya damu yaliyopaswa kuwa ya manjano yamekuwa mekundu. Chembe zilikuwa zimeganda na kupasuka. Damu ya namna hiyo ukimwekea mtu, unamuua kwa mkono wako. Akaimwaga. Happiness akafa kabla ya jua kuzama, na mumewe akamzaba Jeniffer makofi matatu mbele ya wagonjwa, na Jeniffer hakuinua mkono kujikinga.

Tangu hapo alizijaribu pakiti zote alizoweza kupata. Alizifungia ndani ya deli na mifuko ya maji na kipimajoto, akawa anafungua na kuandika, Jumapili baada ya Jumapili. Jeli ilikaa na ubaridi kweli, lakini haikuonyesha kitu. Hakuweza kujua kama bado inaua au imeshalegea. Pakiti za maji zilijieleza. Ukiziweka nje zinatoka jasho, na ukiitikisa moja sikioni ukasikia maji yanacheza ndani, basi barafu iliyobaki inapoza bila kugandisha. Akazichagua hizo, hakutumia nyingine tena.

Lakini kulegea kunataka muda. Alizipanga nane juu ya ukuta wa baraza, juani, akasimama. Gideon, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa ameshawasha injini. Akapiga honi. Mtunza damu akamuuliza kama kweli ni ndugu yake anayekufa. Dokta Wiliam akapiga simu tena, akasema presha ya Elia inashuka. Jeniffer akaitikisa pakiti ya kwanza sikioni: kimya. Akazigeuza. Alikaa pale dakika ishirini kamili, na alipoyasikia maji akazipanga kuzunguka chupa, akafunga, na saa tano na dakika tano wakaondoka.

Gideon aliendesha kama mtu anayefukuzwa. Walipita Sitalike, wakaingia mbugani, mbung'o wakiwauma shingoni bila mtu wa kuwapiga. Kipimajoto cha deli kilisoma digrii tano. Walitokea upande wa pili salama, wakaanza kuhesabu vijiji. Saa nane kasoro dakika kumi, ikiwa imebaki robo saa tu kufika, walikuta gogo limelazwa barabarani.

Walitoka vichakani wanaume kumi na wawili, Obadia akiwa mbele. Shati lake lilikuwa gumu kwa damu iliyokauka. Mtu alikuwa amewapigia simu kwamba gari la wagonjwa linampelekea damu muuaji. Gideon akajaribu kurudi nyuma. Jiwe likapasua kioo, wakamvuta nje kwa shati, na rungu likamvunja taya. Jeniffer akalilalia deli. Wakamvuta miguu, hakuachia. Mmoja akaona njia ya mkato, akapiga panga kwenye vidole vyake vya mkono wa kushoto, na deli likaanguka chini likafunguka.

Pakiti zikatawanyika vumbini. Mmoja akapasua moja akidhani kuna kitu ndani, yakamwagika maji. Yule mwenye panga akainyanyua chupa ya damu juu, akaikata katikati. Damu ikamrukia usoni na kifuani, nzito, baridi. Akakata ya pili. Kisha akasimama, akajitazama, maana alikuwa ameloa damu ya mtu ambaye hakumjua wala hakumpiga.

Nafasi ile Jeniffer akaitumia. Alikuwa amekaa chini, mkono umefunikwa kwa kanga, vidole viwili vinaning'inia kwa ngozi.

"Obadia," alisema, "hiyo aliyoikata inaweza kuwa ya Elia."

Obadia akaja akachuchumaa mbele yake, akamwekea panga shingoni. Wakati wa utoto walikula sahani moja.

"Ya Elia ni ipi, dada?"

"Sikwambii."

"Nionyeshe. Nichukue ya mdogo wangu, hizo nyingine nizimwage."

"Wote ni O. Zote ni O. Ukimwaga moja hutajua umemwaga ya nani. Ukitaka kunikata, nikate, halafu umpelekee wewe umwekee."

Panga lilikuwa limeshaanza kumchana ngozi. Nyuma ya Obadia wakaanza kugombana. Wengine walitaka gari lipite kwa ajili ya Elia. Wengine walisema bora wafe wote wawili kuliko yule apone. Mmoja alimsukuma Obadia amalize kazi, na Obadia akageuka akampiga kwa ubapa wa panga usoni, meno yakatoka. Wakaanza kupigana wao kwa wao pale pale barabarani. Jeniffer akatambaa katikati ya miguu yao. Aliokota chupa nne zilizobaki, akaokota na pakiti, akaziweka kwenye deli kwa mkono mmoja, akalifunga kwa kulikalia.

Ilipofika saa nane na nusu ndipo gogo lilipoondolewa. Gideon akaendesha taya likining'inia, damu yake ikidondokea usukani. Obadia akawafuata na pikipiki.

Saa tisa kasorobo Dokta Wiliam aliwapokea mlangoni, akamtazama Jeniffer na kutikisa kichwa. Elia alikuwa amekata roho robo saa iliyopita.

Kipimajoto cha deli kilisoma digrii saba. Maji ya damu yalikuwa ya manjano, safi. Jeniffer alikwenda maabara, nesi akamshikia vichupa, naye akapima kwa mkono mmoja kama damu ile inakubaliana na ya Luhende. Inakubaliana. Alibaki ameishika chupa ya kwanza. Kwenye dirisha aliuona mkono wa Luhende umelegea pembeni ya kitanda, mkono uliomchoma Elia, na alitamani kwa moyo wake wote chupa ile imponyoke. Dokta Wiliam alimwita jina mara mbili. Akaipeleka. Zote nne ziliingia mwilini mwa Luhende. Alipoteza mguu, lakini alipona.

Obadia alimkuta kwenye benchi la nje, akifungwa bandeji.

"Amekufa saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

Jeniffer alimwona anahesabu. Saa nane na nusu walikuwa wanasukuma gogo. Obadia akakaa chini kwenye sementi. Jeniffer angeweza kunyamaza hapo, na mzigo wote ungekuwa wa Obadia mpaka kufa kwake. Lakini hakulelewa hivyo na Katarina.

"Na mimi nilikaa Mpanda dakika ishirini," alisema. "Nilikuwa nangoja barafu ilegee. Ingegusa damu ikiwa bado ngumu, damu ingeharibika, ingemuua."

Obadia akainua kichwa. "Ulikaa."

"Nilikaa."

Alimrukia. Alimkaba koo kwa mikono miwili, kichwa cha Jeniffer kikagonga ukuta, na ilibidi mlinzi, nesi na dokta wavute pamoja mpaka vidole vikaachia. Polisi walimkuta bado anapiga ngumi ukuta, mifupa ya vidole iko wazi. Alifungwa jela kwa kulishambulia gari, kwa taya la Gideon, na kwa panga alilompiga Luhende.

Kwenye msiba Katarina hakumtazama Jeniffer. Arobaini ilipita. Jumapili kanisani, wakati wa kupeana amani, shangazi aligeukia upande mwingine. Jeniffer alikwenda nyumbani kwake akajaribu kumweleza habari ya chembe na barafu, na Katarina akaendelea kutwanga. Mwisho alisema hajui mambo ya barafu, anajua mwanawe alikuwa anatoka damu na mtu aliyembeba mgongoni alikuwa amesimama juani.

Mwezi wa nane watu wa Luhende walileta mtamba mweupe nyumbani kwa Jeniffer, kushukuru. Alikataa. Aliwaambia wamrudishe, kijiji kitamuua. Wakadhani ni adabu ya kukataa mara ya kwanza, wakamfunga kwenye mpapai, wakaondoka. Kulipokucha alisikia mnyama analia. Mtu alikuwa amemkata mtamba mishipa ya miguu yote minne, naye anajaribu kusimama kwa visigino vya damu, anaanguka, anajaribu tena. Majirani walisimama kwenye ua wakatazama. Hakuna aliyeingia. Jeniffer alichukua kisu, lakini vidole vya kushoto havikumshika mnyama kichwa, na kila alipomkaribia, mtamba alifurukuta.

Katarina akaja akiwapita watu wale. Alimnyang'anya Jeniffer kisu, akamkandamiza mtamba shingoni kwa goti, akamvuta taya nyuma kama alivyokuwa akimfanya mbuzi wa Krismasi, akachinja. Alikaa juu yake mpaka mguu wa mwisho ulipotulia. Kisha akainuka, akaosha kisu kwenye ndoo, akaosha mikono mpaka viwiko, akamwambia Jeniffer afukie damu hiyo kabla mbwa hawajafika, akaondoka.