Notburga Nyoni: Mtunza stoo aliyeifundisha kompyuta kusalimia

Saa tatu kamili asubuhi, Notburga Nyoni haongei na mtu.

Ameketi katika chumba kidogo kilichokuwa stoo ya mashuka, katika Hospitali ya Mtakatifu Apolonia, Msamala, mjini Songea. Mbele yake kioo cha kompyuta kinaanza kujaa majina, moja baada ya jingine. Mapokezi. Maabara. Duka la dawa. Wodi ya watoto. Midomo yake inayafuata taratibu, kama mtu anayeitikia litania kanisani.

“Ishirini na tano,” ananong’ona. “Ishirini na sita.” Anasubiri. Kidole chake kimesimama hewani. “Ishirini na saba. Wote wapo, Mungu asifiwe.”

Hapo ndipo anapogeuka na kumkaribisha mgeni kiti.

Hao “wote” ni kompyuta za hospitali hii ya binafsi yenye vitanda themanini. Programu aliyoisimika Notburga mwenyewe inapita katika nyaya za mtandao wa ndani, inabisha hodi katika kila kompyuta na kuiuliza: wewe ni nani, uko chumba gani, una kumbukumbu kiasi gani, kinga yako dhidi ya virusi ni ya lini? Majibu yanaandikwa kwenye orodha. Programu hiyohiyo ina dawati la msaada: mfanyakazi mwenye tatizo anafungua ukurasa, anaandika shida yake, na shida inafika kwa Notburga na kubaki humo mpaka itatuliwe.

Leo, Septemba 2005, kazi hiyo inakwenda. Mwezi Aprili ilikuwa karibu imfukuzishe.

Notburga ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Peramiho, akaishia darasa la saba, akaajiriwa kuandika leja katika ghala la ushirika. Soko la mazao lilipofunguliwa kwa kila mnunuzi, ghala likakosa mahindi, na mwaka 1994 akapunguzwa kazini pamoja na wenzake kumi na mmoja. Alipika vitumbua miaka minne. Mwaka 1998 hospitali ikamchukua kuwa mtunza stoo, na jina la Mama Stoo likamganda.

“Nilikuwa napokea kompyuta kwenye maboksi,” anasema. “Naandika ‘kompyuta moja, rangi ya maziwa’. Basi. Ilikuwa inaniuma kuandika kitu nisichokijua.”

Akiwa na miaka thelathini na tisa alianza masomo ya jioni katika ukumbi wa parokia, siku tatu kwa wiki, akitoka kazini kwa miguu. Darasani alikuwa na umri wa mama za wenzake. Mumewe, Longino, mkulima wa mahindi, alikuwa akiwaambia majirani kwamba mke wake anakwenda kujifunza kupiga taipu bila karatasi. “Nilikuwa natania,” anasema Longino akicheka. “Lakini taa ya kibatari nilikuwa naijaza mimi.”

Mwishoni mwa mwaka 2004 fundi wa kompyuta wa hospitali alipata kazi Dar es Salaam na kuondoka. Aliondoka na maneno ya siri ya kompyuta zote kichwani. Uongozi ulipokea pendekezo la kampuni moja ya Dar: fundi wao angekuja Songea kila baada ya miezi mitatu. Notburga alikwenda kwa katibu wa hospitali, Bwana George Luoga, akaomba ajaribiwe yeye.

“Nilimuuliza, Mama Stoo, umeota?” anakumbuka Bwana Luoga. “Akanijibu, ‘Hapana baba, nimesali.’ Sasa mtu akikujibu hivyo, utasema nini?”

Akapewa mpaka tarehe 30 Juni. Bodi ikikutana siku hiyo na kukuta kazi haijasimama, mkataba wa Dar utasainiwa. Na kwa kuwa stoo ilikwisha kupata mtu mwingine, hapakuwa na mahali pa kumrudisha. Mshahara wake wa shilingi elfu themanini na mbili ndio ulikuwa ukisomesha watoto wawili sekondari.

Programu aliipata kwa mwalimu wake wa jioni, kwenye sidii. Ni ya bure. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, kurasa sitini na nne. Alisoma kurasa nne kila siku baada ya misa ya alfajiri, kamusi mkononi. Kisha akaanza kupita kompyuta moja moja, kuifungulia programu mlango. Kila moja ilibidi ipewe jina la msimamizi na neno la siri jipya, na kinga yake iambiwe kwamba huyu anayebisha hodi si mwizi. Ilimchukua wiki tano.

Siku ya kwanza ya kuhesabu, mwezi Februari, alimwita katibu aje aone. Alikuwa amepanga programu ihesabu saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula, ili nyaya ziwe na nafasi.

Programu ikahesabu. Ikapata tatu.

“Tatu!” Bwana Luoga anapiga kofi mezani akisimulia. “Nikamwambia, Mama Stoo, leja yako ilisema ishirini na saba. Hizo ishirini na nne mashine yako imekula?”

Maelekezo ya Kiingereza hayakujua desturi ya Songea. Masika, radi hupiga mchana. Mwaka mmoja radi iliunguza kompyuta nne za hospitali kwa mpigo, na tangu hapo hakuna mfanyakazi anayeinuka kwenye kiti bila kuchomoa waya ukutani na kuifunika mashine yake kwa kitambaa cha kudarizi. Saa saba mchana hospitali nzima imechomolewa. Zile tatu zilikuwa seva, yaani kompyuta kuu ya mtandao, kompyuta ya Notburga, na ya Majidi wa maabara.

“Mimi nakula mezani,” anajitetea Majidi. “Wananiita mchoyo. Lakini siku ile mchoyo ndiye aliyehesabiwa.”

Notburga akahamisha hesabu hadi saa tatu asubuhi, sala ya pamoja ikiwa imekwisha na kila mtu ameketi. Zikaonekana ishirini na saba. Alidhani jaribu limepita.

Tatizo kubwa likawa dawati la msaada. Aliwakusanya wafanyakazi, akawaonyesha ukurasa: jina, idara, tatizo, bonyeza tuma. Maelekezo yalisisitiza kwamba fundi asifanye kazi yoyote isiyoandikwa, la sivyo kumbukumbu zitaharibika. Naye, mtu wa leja, aliiamini kanuni hiyo. Akaketi chumbani kwake kungoja.

Wiki sita zikapita. Maombi yaliyoingia yalikuwa manne, na matatu kati ya hayo aliyatuma mwenyewe kujaribu.

“Nilifurahi,” anasema, na sasa anatazama sakafu. “Nilidhani kompyuta ni nzima.”

Katikati ya Aprili, orodha ya saa tatu ikaanza kuonyesha ishirini na sita. Iliyokosekana ilikuwa ya wodi ya wazazi. Notburga aliona. Akajiambia kwamba ni waya umechomolewa kwa ajili ya mvua, na kama ingekuwa imeharibika wangeandika. Siku ya pili ishirini na sita. Siku ya tano ishirini na sita.

Siku ya tisa aliletwa mama mmoja kutoka vijiji vya Namtumbo akiwa katika uchungu mbaya. Kadi yake ya kliniki ilibaki nyumbani. Daktari alitaka kujua kama amewahi kupasuliwa na ni dawa gani iliyomdhuru safari iliyopita. Habari hizo zilikuwa zimeandikwa kwenye kompyuta ya wodi, na nakala yake haikuwapo kwingine ila kwenye madaftari ya zamani. Wauguzi watatu walifungua madaftari hayo karibu saa nzima. Kwa rehema za Mungu habari zikapatikana, mama akapasuliwa, akapona yeye na mtoto wake wa kike.

Jioni ileile Bwana Luoga alimwita Notburga. Hakumwita Mama Stoo. Alimwita Bibi Nyoni, na anasema mwenyewe kwamba alikwisha kuichukua kalamu ili aandikie Dar.

“Nilimwambia neno moja tu,” anasema Notburga. “Nikamwambia, baba, mashine yangu iliniambia siku tisa, na mimi sikuinuka kwenye kiti. Kosa si la programu. Nipe mpaka Juni kama ulivyosema.”

Kesho yake, kabla ya kufungua chumba chake, alikwenda wodi ya wazazi. Kutoka mlangoni kwake ni hatua thelathini na mbili, amezihesabu. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo ni Mama Ekaristia Ndunguru, mwenye miaka hamsini na minane.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Leo umetukumbuka?”

“Mama, kompyuta imekufa siku tisa. Mbona hamkuniandikia?”

Mama Ekaristia, ambaye alimsimulia mwandishi mazungumzo hayo huku akikunja nepi, anasema aliweka mikono kiunoni. “Nikamwambia, nikuandikie nini? Nikuandikie ‘kompyuta imekufa, njoo’? Sijakuuliza umeamkaje, watoto hawajambo, nakuamuru tu kama mbwa? Mimi nimelelewa. Nikasema atapita, akipita tutasalimiana, nitamweleza. Naye hakupita!”

Kwa hiyo mmoja alikuwa akingoja aandikiwe, na mwenzake akingoja asalimiwe.

Masjala alikuta sababu nyingine. Mzee Bakili, karani wa miaka hamsini na saba, mzaliwa wa Namtumbo, alikuwa amejaribu kuandika mara moja. Programu ikamjibu kwamba ombi lake limepokelewa, namba nne.

“Namba!” anasema Mzee Bakili. “Wallahi nilitetemeka. Mwanangu, mimi ni mtu wa masjala. Kitu kikishapewa namba kina faili, na kikiwa na faili kina kesi. Nikajiuliza, nimemshtaki nani? Mausi ya kompyuta? Au nimejishtaki mwenyewe kwamba nimeivunja? Nikazima, nikaondoka.”

Notburga alirudi chumbani akafunga mlango. Alisali. Kisha akafungua sehemu ya programu inayoruhusu ukurasa wa maombi kubadilishwa.

Namba akaziondoa machoni mwa wafanyakazi. Zinabaki upande wake peke yake. Juu kabisa, kabla ya jina na idara, akaongeza kisanduku kipya, kipana kuliko vingine vyote. Akakiita Salamu. Na kila asubuhi baada ya sala akaanza kupita idara zote kwa miguu, daftari mkononi, kusalimia. Asiyetaka kuandika anamweleza hapohapo, naye anaingiza ombi mwenyewe kabla ya saa nne.

Mwezi Mei yaliingia maombi sitini na moja.

Anamwonyesha mwandishi baadhi, akiwa ameyafunika majina kwa kiganja.

“Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama. Huku tumeamka salama ila mama mkwe bado mgonjwa, utuombee. Printa inatafuna karatasi.”

“Asalaam alaykum. Pole na mvua ya jana, nasikia paa la jikoni kwenu limevuja. Mashine inawaka halafu inazima, inawaka inazima, haina msimamo.”

“Habari ya toka jana. Sina tatizo lolote leo. Nimeona nikusalimie tu.”

“Hilo la mwisho nalo nimelijibu,” anasema. “Nikalifunga. Limetatuliwa.”

Tarehe 30 Juni bodi ilikutana. Notburga aliketi kwenye benchi la nje tangu saa nne, rozari mfukoni. Alipoitwa, mjumbe mmoja alimuuliza ni kompyuta gani zitakufa mwaka huu. Hakubabaika. Alitoa karatasi mbili zilizochapwa: mashine tisa zilizochoka, kila moja na chumba chake, umri wake, mara ilizougua na dawa iliyopewa. Iliyougua zaidi ilikuwa ya duka la dawa, mara saba ndani ya wiki nane. Mjumbe akauliza fundi wa Dar angezijuaje habari hizo.

Aliyejibu ni Bwana Luoga.

“Nilisimama,” anasema. “Nikasema, waheshimiwa, mwezi wa nne nilitaka kumwondoa huyu mama. Nilikosea. Kompyuta zote zile zimekaa hapa miaka mingi, na leo ndiyo mara ya kwanza sisi kuambiwa hali zao.”

Mkataba haukusainiwa. Tangu Julai, Notburga Nyoni ni fundi wa kompyuta wa hospitali, kwa barua yenye muhuri, ingawa Mama Ekaristia bado anamwita Mama Stoo na anasema ataendelea mpaka astaafu.

Kazi haijawa nyepesi. Umeme wa jenereta unakatika, na Agosti peke yake vifaa vinne vya kutunzia umeme vimekufa. Masista wenye zahanati karibu na Hanga wameomba akawasimikie programu hiyo katika kompyuta zao sita, naye amekubali kwenda mwezi Novemba.

Lakini mwandishi alipomuuliza anatamani nini kuliko vyote, hakutaja Hanga, wala cheo, wala mashine mpya. Alimtaja Mzee Bakili. Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya saa tisa alasiri, anamfundisha karani huyo kuendesha dawati la msaada. Maneno yote ya siri ameyaandika kwenye bahasha, ikafungwa kwa lakiri na kuwekwa katika sefu ya katibu.

“Salamu naziweza tangu zamani,” anasema Mzee Bakili. “Mashine ndiyo tunazoeana.”

Notburga hajachukua likizo kwa miaka mitatu. Mama yake, mwenye miaka themanini na mmoja, yuko Peramiho na macho yamefifia.

“Januari nataka niende siku zangu zote ishirini na nane,” anasema. “Nimlimie mama bustani, nimpeleke kanisani. Na ninachomwomba Mungu ni hiki: nikirudi, nipite idara zote, na asiwepo hata mmoja wa kuniambia, ‘Afadhali umerudi.’”

Anacheka.

“Hapo nitajua nimefanya kazi.”