Ukoko wa Bibi

Nimesahau tena wali jikoni. Siku hizi daktari ameshaupa usahaulifu wangu jina refu, lakini harufu hii ya mchele wa Kyela ukiungua inanirudisha Matema, kwa bibi. Aliniachia sufuria niiangalie, mimi nikavutwa na dagaa waliokuwa waking'aa juani mchangani. Niliporudi, moshi ulikuwa umejaa jikoni na shangazi ameshika mwiko.

"Huyu mtoto akili zake zinakaa wapi?"

"Mwache," bibi akasema. "Nilikuwa natamani ukoko." Akanigeukia kunishukuru: "Ndaga, mjukuu wangu."

Akakwangua sufuria, tukala wote. Mimi nilitafuna kwa kelele. Yeye aliumung'unya taratibu, akitabasamu, na mdomoni hana hata jino moja.